Albert Camus: Mwandishi aliyekataliwa na pande zote

Tukimtafuta Albert Camus katika mrengo wa kushoto au wa kulia, hatumpati. Alizaliwa Algeria mwaka 1913, akalelewa na mama mjane asiyejua kusoma, aliyefanya usafi katika nyumba za watu. Alijiunga na chama cha kikomunisti mwaka 1935, akaachana nacho miaka miwili baadaye. Mwaka 1951 alilaani mauaji yanayofanywa kwa jina la mapinduzi, na baadaye Sartre na wenzake wakamtenga. Januari 1956, mjini Algiers, aliomba raia wasiguswe vitani. Nje, walowezi wenye msimamo mkali walitaka auawe. Wapigania uhuru nao hawakumwamini, kwani hakuunga mkono uhuru kamili. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1960. Kipimo chake hakikuwa mrengo, bali roho ya mtu asiye na silaha.