Lambert Hitchcock: Fundi aliyekipamba kiti cha mkulima
MWAKA 1829 fundi aliyekuwa ameujaza mkoa wa New England, Marekani, kwa viti vya bei nafuu alitangazwa muflisi. Aliitwa Lambert Hitchcock, mzaliwa wa Connecticut wa mwaka 1795.

Useremala aliuanza mwaka 1814 katika karakana ya Silas Cheney, mjini Litchfield. Mwaka 1818 alihamia Barkhamsted, penye makutano ya mito, ambako maji yaliendesha mashine zake za kukereza mbao. Mwanzoni alitengeneza vipande tu, vikasafirishwa hadi Charleston, Carolina Kusini, kwenda kuunganishwa. Baadaye akaunda viti vizima, akajenga kiwanda cha matofali, na kijiji kikaitwa Hitchcocksville. Wafanyakazi walifikia 100, wakiwamo wanawake na watoto.

Mvuto wa viti hivyo ulikuwa katika mapambo. Kiti kilipakwa rangi nyekundu, kisha nyeusi juu yake, kifanane na mbao za thamani. Vanishi ikiwa ingali inanata kidogo, karatasi iliyotobolewa maumbo ya matunda na majani iliwekwa juu ya mgongo wa kiti, na unga wa shaba ukasuguliwa kwenye matundu yake kwa kitambaa laini. Palipokuwa peusi pakachomoza tunda linalometameta kama dhahabu. Mchoraji mwenye brashi asingeweza kushindana na kasi hiyo, na kiti kikauzwa kwa takriban dola 1.50 tu.

Kwa karatasi ya namna hiyo hiyo Hitchcock alichapa nyuma ya kikalio jina lake, kijiji chake na neno la dhamana.

Baada ya kufilisika alisimama tena, na mwaka 1832 akaingia ubia na shemeji yake, Arba Alford. Alikuwa pia mjumbe wa Bunge la jimbo. Adui yake, hata hivyo, alibaki kuwa umbali wa kijiji na masoko. Mwaka 1844 alihamia Unionville, karibu na mfereji wa mashua. Uamuzi wa busara, ila uliochelewa, kwani miaka michache baadaye mfereji ulifungwa, reli ikashika nafasi yake. Hitchcock alifariki dunia mwaka 1852.

Hitchcocksville sasa ni Riverton. Mwaka 1946 John Tarrant Kenney alikifufua kiwanda, kikadumu hadi 2006. Viti vya enzi hiyo vina jina lile lile la Hitchcock, likifuatiwa na herufi R ndani ya duara, na kwa herufi hiyo wanunuzi wa samani za kale huvitenga na vile vya mwenyewe.