Marehemu Robert Wangila: Bondia Aliyekataa Kusimamishwa



Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri ambaye vijana wangefaidika kumfahamu, sikuchukua muda mrefu kuchagua. Nimepata habari kwamba kikundi cha ngumi kimeanza tena hapo shuleni, na kwamba chama chetu kimeombwa mchango wa kununua glovu na kamba za ulingo. Kwa sababu hiyo nimemchagua marehemu Robert Napunyi Wangila wa Kenya. Waliosoma Kilosa wakati wangu hawahitaji kuelezwa alikuwa nani. Nyinyi vijana yafaa mwelezwe.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alikulia katika nchi iliyokuwa na jina kubwa katika ngumi za ridhaa. Philip Waruinge alikwisha kuiletea Kenya medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na ya fedha kule Munich mwaka 1972. Sisi Watanzania nasi tulikuwa na Titus Simba, aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970. Lakini Kenya ndiyo iliyokuwa ikitoa mabondia mwaka hata mwaka, na timu yao ya taifa ilikuwa ikiogopwa Afrika nzima. Ilipofika Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, iliyofanyika hapo hapo Nairobi, Wangila alishinda dhahabu ya uzito wa welta mbele ya watu wa nyumbani kwao. Alikuwa kijana wa miaka 19.

Mwaka uliofuata akaenda Seoul, Korea ya Kusini, kwenye Olimpiki. Nilikuwa kidato cha tatu. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, kwa hiyo habari zote tulizipata kwa redio ya betri ya mwalimu wetu wa bweni, ambayo aliiweka dirishani ili tuisikie wote tuliokuwa uani. Wakenya walizoa dhahabu nne katika mbio: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ikatoka ulingoni. Katika fainali Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, akamwangusha katika raundi ya pili na mchezo ukaishia hapo. Huyo Boudouani si mtu wa kubezwa, maana mwaka 1996 alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa.

Ukiacha Afrika Kusini, ambayo mabondia wake walipata dhahabu katika miaka ya zamani, hapakuwa na nchi nyingine ya bara letu iliyokuwa imeshinda dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Wangila ndiye aliyelifungua lango hilo. Na mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024 inamalizika, hakuna Mkenya mwingine aliyeipata.

Wiki ile ile pale shuleni tulijaza gunia mchanga na pumba, tukalitundika kwenye mwembe nyuma ya jiko, na kila mwenye mikono miwili akawa Wangila. Hivyo ndivyo kikundi chetu cha ngumi kilivyozaliwa.

Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa huko Marekani. Hapa naomba wanafunzi wasome kwa makini. Katika ngumi za ridhaa za wakati ule bondia alipigana raundi tatu za dakika tatu tatu, yaani dakika tisa tu, naye alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa kofia haipo, na pigano kubwa huwa la raundi 10 au 12. Ni kichwa kile kile, lakini kinapokea makonde kwa nusu saa na zaidi. Wangila alipigana mara 27 katika miaka hiyo mitano. Alishinda mara 22, na 16 kati ya hizo kabla raundi hazijatimia. Alishindwa mara tano, na ubingwa wa dunia aliokuwa akiutafuta hakuupata.

Tarehe 22 Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na David Gonzales. Lilikuwa pigano kali na la kuchosha. Katika raundi ya tisa mwamuzi aliona Wangila anapokea makonde mengi bila kuyajibu ipasavyo, akaingia kati na kulisimamisha. Wangila hakukubali. Alikuwa bado amesimama kwa miguu yake, akalalamika kwamba amekatizwa mapema, na wapo watazamaji waliomuunga mkono. Akashuka ulingoni akitembea. Alipofika katika chumba cha kubadilishia nguo akapoteza fahamu. Alipelekwa hospitali na hakuzinduka tena. Alifariki dunia tarehe 24 Julai, yapata saa 36 baada ya pigano. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hata baada ya kufa hakupata utulivu mapema. Mwili uliporudishwa nyumbani ukatokea ubishi kama azikwe kwa taratibu za Kiislamu au za Kikristo, na mazishi yakachelewa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kazi Mikumi. Habari za kifo nilizisikia kwa redio katika hoteli ya chai kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Watu mezani walibishana juu ya yule mwamuzi, mmoja akisema alimwonea Wangila. Mimi sikuweza kuchangia neno, kwa sababu nilikuwa nikifikiria safari moja ya mwaka 1989.

Mwaka huo kikundi chetu kilialikwa Mikumi kupigana na vijana wa pale. Tulipanda lori kutoka Kilosa, tukapita Ulaya (hii yetu, si ile ya Wazungu), tukafika tukiwa wekundu kwa vumbi. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji, alipangiwa kijana mwenye nguvu kuliko yeye. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kona yake na taulo nilikuwa nalo begani. Katika raundi ya pili alipigwa kichwani mara nyingi. Aliporudi kukaa aliniambia kwamba kichwa kinamgonga. Nilimmwagia maji, nikamkumbusha Wangila, nikamsukuma arudi. Akamaliza raundi ya tatu akiwa amesimama, nasi tukamshangilia kwa ushujaa. Usiku, katika lori, alitapika, na mara tatu akaniuliza tulikuwa tumetoka wapi. Tulidhani ni malaria. Tukampa vidonge, akalala siku mbili. Mungu alimjalia akapona, na yuko hai mpaka leo. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba dalili zile zilikuwa za ubongo uliotikiswa.

Madaktari wanatueleza hivi. Ubongo hauko imara ndani ya fuvu kama kokwa ndani ya embe. Unachezacheza. Konde zito linapouyumbisha, mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na fuvu inaweza kukatika, na damu ikaanza kuvuja taratibu. Kwa muda fulani mtu huyo husema, hutembea, tena huweza kugombana na mwamuzi. Damu ikizidi, huubana ubongo, naye huanguka. Kwa hiyo bondia mwenyewe ndiye mtu wa mwisho kuulizwa kama anaweza kuendelea. Atajibu kwamba anaweza. Wangila alijibu hivyo, na mwenzangu pia angejibu hivyo kama ningemuuliza.

Wala si Wangila peke yake. Mwaka 1982, Las Vegas hiyo hiyo, Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini mpaka raundi ya 14, akaanguka, na akafa baada ya siku nne. Baada ya msiba huo baraza moja la ngumi za dunia lilipunguza mapigano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mengine yakafuata. Kim alikufa kabla ya Wangila kwa miaka 12. Kupunguza raundi kulisaidia, lakini hakukutosha.

Sisemi ngumi zipigwe marufuku shuleni. Nilizipenda, na zilinifundisha kuamka alfajiri na kuacha sigara. Ninachoomba ni kwamba fedha ya kwanza ya mchango wetu isinunue glovu. Inunue kofia za kukinga kichwa, na imlipe nauli mganga kutoka hospitali kila siku ya mashindano, awe na amri ya kusimamisha pigano bila kubishiwa na mwalimu wala mwanafunzi. Kijana aliyepigwa kichwani akaumwa asipande ulingoni tena mpaka mganga aseme. Na anayeshika taulo asione haya kulitupa. Masharti hayo yakikubaliwa katika mkutano wetu, mchango wangu mtaupata siku hiyo hiyo.

Walimlaumu yule mwamuzi wa Las Vegas kwamba aliwahi mno, kumbe alikuwa amechelewa. Mimi wa Mikumi sikulaumiwa na mtu, nami sikulisimamisha pigano kabisa.

Mungu ailaze roho ya marehemu Robert Wangila mahali pema peponi.