Cheikh Anta Diop: Mpiganaji wa Historia ya Mwafrika

Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu wanajeshi na askari polisi maisha ya marehemu Profesa Cheikh Anta Diop wa Senegal, aliyepigana vita virefu bila kushika bunduki.

Marehemu alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Thieytou, Senegal ikiwa koloni la Ufaransa. Enzi hizo mkoloni hakutawala kwa mizinga peke yake. Alitawala pia kwa vitabu, akimfundisha mtoto wa Kiafrika kwamba wazee wake hawakuwa na historia. Mwaka 1946 Diop alikwenda Paris, akasoma falsafa na fizikia, kisha akajitosa katika historia. Alishikilia kwamba Misri ya kale, iliyojenga mapiramidi, ilikuwa ustaarabu wa watu weusi.

Hoja hiyo iliwachukiza wakubwa wa elimu. Alipotaka kuitetea kwa shahada ya udaktari, halikupatikana jopo la kumtahini. Hakunyamaza, mwaka 1954 aliitoa katika kitabu chake Nations nègres et culture. Mwaka 1960 alipata udaktari, lakini kwa daraja lililomzibia njia ya kufundisha chuo kikuu.

Alirejea Dakar. Mwaka 1962 alitiwa kizuizini kwa sababu za kisiasa. Alipotoka aliendelea na utafiti, akajenga maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa njia ya kaboni. Mwaka 1974, katika mkutano wa UNESCO mjini Cairo, yeye na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville waliwakabili mabingwa wa historia ya Misri. Wengi hawakukubaliana nao, na hata leo wapo wanaopinga hoja zake. Hata hivyo, taarifa ya mkutano ilikiri kwamba si washiriki wote waliokuja na uchunguzi makini kama wao.

Mwaka 1981 ndipo alipoteuliwa kuwa profesa. Alifariki dunia tarehe 7 Februari 1986, na mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Dakar kilipewa jina lake.

Ndugu askari, polisi anajua kwamba shauri lisilo na ushahidi huanguka mahakamani. Diop alilijua hilo: alipodharauliwa hakujibu kwa matusi, bali alikwenda kutafuta ushahidi. Nasi tukidharauliwa, tufuate njia hiyo. Bandu bandu huisha gogo.