Daktari Carothers na Ubongo wa Mwafrika

John Colin Carothers alizaliwa mwaka 1903, akaingia utumishi wa tiba wa kikoloni nchini Kenya mwaka 1929. Mwaka 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari, Nairobi, ilhali hakuwa amebobea katika taaluma hiyo.

Mwaka 1951 alichapisha makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kupanga, kuzingatia na kujizuia. Alidai kwamba Mwafrika hufanana na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo kwa upasuaji. Hoja yake ilitegemea zaidi maelezo ya tabia. Hivyo mkulima wa Uriri, ambaye huhesabu mvua na kutunza mbegu za msimu ujao, akahukumiwa bila kuulizwa! Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka 1953, na mwaka 1954 serikali ikamwita aeleze chanzo cha Mau Mau. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimkosoa vikali mwaka 1961.

Carothers alifariki mwaka 1989, muda mfupi kabla ya mashine za sumaku kuanza kupiga picha za ubongo unapofanya kazi. Picha hizo huonyesha kuwa mtu aliyeumia kichwa, tuseme katika ajali ya pikipiki, hushindwa kujizuia nyuzi ziunganishazo sehemu za ubongo zinapokatika. Jeraha hilo humpata Mzungu na Mjaluo vilevile.