Inyasi wa Loyola na Shukrani ya Jioni

Nawaletea habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Wengi wetu twamjua kwa jina tu. Mimi nilimjua zaidi mwaka jana, nilipopewa zamu ya kusoma maisha yake kwa sauti wakati wa chakula cha usiku. Siku zile nilikuwa nimeacha sala ya jioni miezi mitatu.

Alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, nchi ya Wabaski, Hispania. Ujana wake ulikwisha katika mavazi mazuri, panga na kutafuta sifa. Mwezi wa Mei 1521 Wafaransa waliushambulia mji wa Pamplona, na risasi ya mzinga ikamvunja mguu. Mfupa uliunga vibaya ukajitokeza, naye akataka ukatwe kwa msumeno apate kuvaa viatu vyake virefu vya kiungwana. Kiburi gani hicho! Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa. Hazikuwapo, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Hapo moyo wake ukaanza kugeuka.

Lakini msidhani kwamba tangu hapo alipata raha. Mwaka 1522 alifika Manresa, akakaa huko miezi mingi akisali na kufunga. Akashikwa na hofu ya dhambi zake za zamani. Aliungama, akarudi kuungama zile zile, kila mara akikumbuka kosa jingine, hata akajiwa na wazo la kujitupa katika shimo lililokuwa karibu na mahali alipokuwa akisali. Nilipofika hapo sauti ilinikwama. Wenzangu walicheka, wakidhani nimepaliwa na maharage.

Kumbe nilikuwa nikijisoma mwenyewe. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akinilipia karo, alikuwa amefariki. Kila jioni nilipochunguza dhamiri niliona jambo moja tu: aliniandikia barua akiwa mgonjwa, nami sikumjibu. Basi nikaacha kujichunguza kabisa.

Padre mmoja aliniazima Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha Inyasi kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Humo uchunguzi wa dhamiri una hatua tano. Nilidhani ya kwanza ni dhambi. La, ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Ndipo mtu aombe mwanga, ajidai hesabu ya siku, aombe msamaha, na akusudie kujirekebisha. Yule aliyekaribia kufa kwa kuhesabu makosa ndiye aliyeweka shukrani mbele yake. Tena aliona utovu wa shukrani kuwa mojawapo ya dhambi mbaya kabisa.

Mengine nitayataja upesi. Mwaka 1524, akiwa na miaka 33, alianza kujifunza Kilatini huko Barcelona pamoja na watoto wadogo. Sisi wakubwa wa darasa tusione haya. Huko Paris alipata wenzi, mmoja wao Fransisko Ksaveri, ambaye mwaka 1542 alipita Malindi akienda Bara Hindi. Shirika la Yesu lilikubaliwa na Papa mwaka 1540, na Inyasi akaliongoza toka Roma mpaka alipokufa, Julai 31, 1556. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622. Kazi zilimzidi, na ugonjwa wa tumbo ulimtesa, lakini kujichunguza hakukuacha.

Nami nikarudi, usiku, bwenini, taa zikiisha kuzimwa. Nilianza na dereva wa lori aliyenichukua bure siku ya mazishi. Kisha mama. Kisha kaka mwenyewe, miaka mitatu ya karo aliyotoa kwa kuuza mihogo. Ndipo nikaifikia ile barua, na safari hii sikuikimbia. Mpaka leo yaniuma. Siku nyingine nashukuru, nashukuru, nikashikwa na usingizi kabla ya hatua ya pili.