Mkwawa wa Uhehe na Cheo Kilichoondolewa

Katika sharika zetu za Njombe, Makambako na Liganga jina la Mkwawa halipokewi na wote kwa moyo mmoja. Wengine hulitaja kwa sifa, kwa kuwa alipigana na wageni. Wengine hukumbuka masimulizi ya wazee wa Ubena, ambao mashamba yao yalichomwa na ng'ombe zao zikatwaliwa na majeshi ya Uhehe. Basi twaona ni vema kuyaeleza maisha yake kwa haki, tusifiche jema wala baya.

Jina lake lilikuwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga. Alizaliwa karibu na mwaka 1855. Munyigumba alikuwa amezikusanya nchi ndogo nyingi za Uhehe chini ya mkono mmoja, naye alipofariki mwaka 1879, ugomvi ukatokea juu ya kiti chake. Mwambambe akataka kukitwaa, na Mkwavinyika akakimbilia Ugogo. Baadaye akarudi na watu wake, akamshinda Mwambambe, akawa Mtwa wa Wahehe wote. Enzi yake ilikuwa kali. Wasangu wa Merere walifukuzwa katika nchi yao, na Wabena wengi wakawa chini yake au wakaishi kwa kumwogopa.

Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakipanda kutoka pwani. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lao, likiongozwa na Emil von Zelewski, lilivamiwa na Wahehe huko Lugalo. Zelewski akauawa, pamoja na Wadachi wengine na askari zaidi ya 200. Mkwawa akaiimarisha ngome yake ya mawe huko Kalenga. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele akaipiga kwa mizinga, akaiteka. Mkwawa mwenyewe akatoroka, akaishi porini karibu miaka minne, na watu wake wakamlisha kwa siri.

Wadachi walipoona hawampati, wakajaribu njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1896 Tom Prince, mkuu wa boma la Iringa, akamweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe Mtwa mahali pake. Lakini Wadachi wakamshuku kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri, na mwezi Februari 1897 wakamnyonga. Haikutimia hata miezi mitatu tangu siku aliyopewa heshima ile, na waliompa ndio waliomwua.

Zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, askari wakamkaribia, naye alikuwa mgonjwa na amechoka. Akajipiga risasi asishikwe hai. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa bomani. Baada ya hapo Wadachi hawakumweka mtu mwingine juu ya Wahehe wote. Cheo cha Mtwa kikaondolewa, nchi ikagawanywa kwa majumbe wadogo.

Jambo la namna hii si la nchi yetu tu. Huko Uskoti, John Erskine, bwana mkubwa mwenye cheo cha Earl wa Mar, aliongoza maasi juu ya mfalme mwaka 1715. Alishindwa, na mwaka 1716 akanyang'anywa cheo na mashamba, yeye na uzao wake. Hata mwaka 1824 bunge la Uingereza likamrudishia mzao wake cheo kile. Ukoo wa Mar ulingoja zaidi ya miaka 100.

Wahehe hawakungoja muda mrefu hivyo. Mwaka 1926 Waingereza, walipokuwa wakitawala kwa mikono ya wakuu wa wenyeji, walimtambua Sapi, mwana wa Mkwawa, kuwa mkuu wa Uhehe. Mwaka 1940 kiti kikamwangukia Adam Sapi, mjukuu. Kwa habari ya kichwa, Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliagiza kirudishwe, lakini ilikuwa mwaka 1954 ndipo Gavana Twining alipoleta fuvu kutoka Bremen na kumkabidhi Adam Sapi huko Kalenga. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu wote kwa sheria. Wakati huo Adam Sapi alikuwa amekwisha kuwa Spika wa Bunge tangu mwaka 1962. Hata hivyo jina la Mkwawa halikufutika, wala mara ya kwanza wala mara ya pili.

Basi sisi Wakristo tuseme nini? Mwisho wake hatuwezi kuusifu, kwa maana uhai ni wa Mungu. Wala hatukupewa kiti cha kumhukumu. Tumkumbuke Sauli, aliyeuangukia upanga wake katika mlima wa Gilboa, akakatwa kichwa na Wafilisti. Watu wa Yabesh-Gileadi walikwenda usiku kucha wakautoa mwili wake, wakaizika mifupa yake. Naye Daudi, ambaye Sauli alimwinda kama mnyama porini, hakushangilia, bali alilia, akawabariki waliomzika.

Wabena, babu zetu waliwindwa. Tusiyasahau mateso yao, lakini tusiwarithishe watoto wetu uchungu huo. Na kila mzee wa usharika, kila jumbe na kila mwalimu aliyepewa heshima, ajiulize ameipokea kwa mkono wa nani. Ile ya Mpangile ilitoka kwa mshindi, naye mshindi akaitwaa tena pamoja na uhai wake. Heshima tuliyopewa katika ubatizo hakuna serikali iliyoitoa, wala hakuna itakayoiondoa.