Mackinnon na reli ya maili 7 iliyokomea njiani

MSAFIRI atokaye Tiwi kwenda Nairobi huiacha Kwale mapema, akipita feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Akishaipita Mariakani, Samburu na Taru, hujikuta amerejea katika kaunti ile ile bila kutambua. Mji mdogo ulio mbele yake ni Mackinnon Road, wenye kituo cha reli na msikiti palipo kaburi la Sayyid Baghali Shah, anayekumbukwa kuwa msimamizi wa vibarua wakati reli ilipojengwa. Wengi hulitaja jina la mji huo kila siku, lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyelibeba.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Campbeltown, magharibi mwa Scotland. Hakutoka katika ukoo wa mabwanyenye. Alianza maisha katika biashara ya duka la vyakula, akahamia Glasgow kufanya kazi za ofisini, na mwaka 1847 akasafiri hadi India. Huko Calcutta alishirikiana na rafiki yake wa utotoni, Robert Mackenzie, wakaanzisha kampuni ya Mackinnon Mackenzie. Mwaka 1856 aliunda kampuni ya meli ambayo mwaka 1862 ilipewa jina la British India Steam Navigation. Meli zake zilisafirisha barua, abiria na shehena katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi.

Mwaka 1872 meli hizo zilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden. Hapo ndipo Mackinnon alipoanza kuitazama pwani ya Afrika Mashariki kwa jicho la mfanyabiashara. Kila bidhaa iliyotoka bara ilifika pwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kila mmoja akibeba kilo 30 hivi kwa miezi mingi. Bidhaa iliyostahimili gharama hiyo ni ile yenye thamani kubwa na uzito mdogo, hasa pembe za ndovu. Aliamini kuwa mwenye kupata njia nafuu ya kufika maziwa makuu ndiye atakayeimiliki biashara ya eneo zima.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa barabara. Mwaka 1877, akishirikiana na Thomas Fowell Buxton, aligharamia barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Iliendelea kwa takriban maili 70, ikaachwa mwaka 1881. Mbung'o waliwaua wanyama wa kukokota magari, na barabara isiyo na magari haikuwa na faida kuliko njia ya miguu. Wakati huo huo, mazungumzo yake na Sultani Barghash wa Zanzibar ya kukodi milki za bara yalikuwa yamevunjika mwaka 1878.

Hakukata tamaa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana maeneo ya ushawishi, wakamwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Tarehe 24 Mei 1887 Barghash aliwakodisha Mackinnon na wenzake sehemu ya ukanda huo, kutoka mto Umba hadi Kipini, kwa miaka 50. Walipewa uwezo wa kutoza ushuru wa forodha, kuendesha mahakama na kugawa ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Tarehe 3 Septemba 1888 malkia wa Uingereza aliipa kampuni yao hati ya kifalme, nayo ikaitwa Imperial British East Africa Company.

Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni zote ziliingia katika mkataba huo. Msikiti wa Kongo, ulio kwenye mlango wa mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, ulikuwa umesimama hapo kwa karne nyingi. Wadigo walikuwa na mashamba yao, minazi yao na kaya zao. Huko Gazi, Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa na nguvu ambazo hata Sultani alizihofia. Lakini maongezi yalifanyika Zanzibar na London, nao wenye kuishi juu ya ardhi hiyo hawakuketi kwenye meza ya makubaliano.

Kampuni ilipotulia Mombasa, Mackinnon alirudi kwenye ndoto yake ya njia, safari hii akataka reli. Ujenzi ulianza mwaka 1890. Iliitwa Central Africa Railway, jina ambalo lilikuwa refu kuliko kazi yenyewe. Upana kati ya vyuma vyake viwili ulikuwa futi 2, yaani sentimita 61. Reli ya namna hiyo hutumiwa zaidi migodini na katika mashamba ya miwa. Faida yake ni kwamba vyuma vyake ni vyepesi, mataruma ni mafupi na kona zaweza kuwa kali, hivyo mhandisi huepuka gharama ya kuchimba vilima na kujaza mabonde. Hasara yake ni kwamba mabehewa ni madogo na mwendo ni wa polepole. Ili kulivuka jangwa la Taru lisilo na maji na kupanda hadi nyanda za juu, ilikuwa karibu na kielelezo cha reli kuliko reli halisi.

Nayo haikufika hata Taru. Baada ya maili 7 kazi ilisimama.

Sababu haikuwa uhandisi pekee. Mtaji wa kampuni ulikuwa takriban pauni 250,000, na fedha hizo zilitakiwa kulipa maafisa, askari, misafara na malipo ya Sultani. Mwaka ule ule wa 1890 kampuni ilimtuma Frederick Lugard kwenda Uganda, na gharama za kumweka huko zikaimaliza hazina. Mackinnon aliiomba serikali ya Uingereza idhamini reli. Bunge lilikubali kuchangia upimaji tu. Kapteni Macdonald na wenzake waliipima njia hadi Ziwa Victoria kati ya 1891 na 1892, wakakadiria kuwa ingegharimu zaidi ya pauni milioni 2.

Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge, lakini haya yalikuwa maji ya kina kisichopimika kwa mfuko wa wenye hisa. Machi 1893 kampuni iliondoka Uganda. Mackinnon, ambaye alikuwa amepewa cheo cha baroneti mwaka 1889, alifariki London tarehe 22 Juni 1893 bila kuacha mtoto. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai 1895, serikali ilichukua milki za kampuni kwa pauni 250,000, na pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha za Sultani mwenyewe. Ukanda wa pwani ulipita tena kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwaka huo huo Wamazrui waliasi, na Mbaruk wa Gazi akapigana hadi alipokimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896.

Reli iliyofuata ilijengwa na serikali kwa upana wa mita 1, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, umbali wa maili 582. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, mara 20 ya mtaji wa Mackinnon. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka India, na 2,493 kati yao walikufa.

Vyuma vyepesi vya Mackinnon havikutupwa. Viling'olewa na kutandikwa upya kisiwani Mombasa, vikawa njia ya toroli. Maafisa na matajiri waliketi chini ya turubai huku vijana wakizisukuma kwa nguvu za miguu yao hadi Kilindini. Reli iliyokusudiwa kumpumzisha mpagazi ikawa inaendeshwa na misuli ya mtu.

Sanamu ya Mackinnon iliyosimama Mombasa iliondolewa baada ya uhuru na kurudishwa Scotland. Jina lake limebaki Mackinnon Road, likikumbusha ile barabara ya mikokoteni ambayo kampuni yake ilianza kuikata kuelekea bara. Mkataba wake nao ulidumu kuliko reli yake. Ukanda wa maili 10 ulibaki chini ya bendera ya Sultani hadi mwaka 1963, na swali la nani mwenye ardhi ya pwani lilirithiwa na Kenya huru.

Reli ya mwaka 1901 na ile mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 zote zimepita kaskazini mwa Kwale zikielekea bara. Tiwi, iliyokodishwa ili njia ipatikane, haijawahi kuona garimoshi la abiria.